Siku Niliyompima Akili Bi. Mwanakombo

Siku ya kuniaga, pilau ilipokwisha na hotuba zilipokwisha, nesi mmoja kijana alinisogelea akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sista Zena, katika miaka yote hiyo ni mgonjwa gani aliyekusumbua moyo?" Nikamwambia nitamwandikia. Watu husema hivyo wakitaka kuondoka. Lakini sasa nimestaafu na asubuhi zangu zimekuwa ndefu, kwa hiyo naandika kweli. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Cheo nilipanda kwa mwendo wa kobe, na mshahara hamna haja ya kusimuliwa, maana ndio mnaoupokea ninyi leo.

Mimi ni mzaliwa wa Kirongwe, nikasomea uuguzi na ukunga bara, kisha nikarudishwa Mafia, kwenye zahanati ya kijiji kimoja cha upande wa Baleni. Kijiji chenyewe sikitaji, kwa sababu ni kidogo na watu wake wanapenda kujitafuta kwenye maandishi. Watu wa pale walikuwa wakulima wa minazi na mihogo. Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu, benchi moja refu, mashine ya presha iliyovuja upepo, na Sista Felista.

Sista Felista alikuwa mwanamke wa bara aliyekuja Mafia kwa miaka miwili akakaa kumi na tisa. Siku yangu ya kwanza alinikalisha mezani, yeye akakaa pembeni akimenya chungwa. Akaingia mzee mmoja, akalalamikia goti. Nilimpima, nikamwandikia dawa ya maumivu, nikamwagiza apunguze kubeba mizigo. Nilijiona nimefanya kazi safi.

Mzee alipotoka Sista akaniuliza, "Umemtibu nini?"

"Goti."

"Lipi?"

"La kushoto."

"Wiki iliyopita lilikuwa la kulia." Akatema kokwa la chungwa. "Mkewe kafariki. Nyumbani hana mtu wa kumpa habari za goti lake. Wiki ijayo atarudi. Usimwandikie dawa. Muulize jana alikula nini, na alikula na nani."

Wiki iliyofuata mzee alirudi, sasa kiuno. Nikamuuliza alichokula. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa Kichina, kisha akaanza kusema, akasema mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Alikuwa anakula muhogo mkavu mara moja kwa siku, peke yake, amesimama. Neno lile la kusimama ndilo lililonishika. Tangu siku hiyo nikawa na udadisi ambao haukuwamo katika masomo yangu: mtu akishazeeka, ni kitu gani kinachoishikilia akili yake mahali pake, na kikiondolewa inakwenda wapi?

Lakini kazi yangu kubwa ilikuwa wajawazito. Miaka ile wanawake wengi walijifungulia majumbani, na wengine tuliwazika. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwasihi waje zahanati. Mtu niliyeshindana naye, bila ya kugombana, alikuwa mkunga wa jadi wa kijiji, Bi. Mwanakombo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana, na nusu ya kijiji ilipitia katika mikono hiyo. Hakunipinga hata siku moja. Alinisikiliza kwenye mkutano, na baada ya kama mwezi akaja zahanati na kikapu chake cha ukili wa majani ya mkindu. Akakiweka mezani kwangu. Ndani mlikuwa na nyembe, uzi, vipande vya kanga vilivyofuliwa vikakunjwa vizuri.

"Haya, mwanangu," alisema. "Kazi yenu hii sasa."

Nilimshukuru, nikaandika katika ripoti ya mwezi kwamba mkunga wa jadi amekabidhi vifaa. Ripoti hiyo ilisifiwa. Sikumuuliza kesho yake atafanya nini. Wala sisemi kwamba nilikosea kuwaita wanawake zahanati. Wako watu wanaotembea leo kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba nilichukua kikapu nikadhani nimechukua kikapu tu.

Miaka ikapita. Sista Felista alistaafu akarudi kwao, nikabaki na benchi na mashine mpya ya presha ambayo nayo baada ya muda ilivuja. Ndipo nikapelekwa kwenye semina kuhusu afya ya wazee. Tulipewa fomu ya kupima akili. Muulize mzee leo ni siku gani, ni tarehe ngapi. Mtajie maneno matatu, umngoje kidogo, ayarudie. Aanze na mia, atoe saba, atoe saba tena, aendelee. Mwisho achore uso wa saa. Tulijaribiana wenyewe kwa wenyewe kabla ya chai. Katika kutoa saba nilikosea mara mbili, na mwenzangu mmoja alichora saa yenye kumi na moja mbili. Tulicheka, tukala sambusa, tukarudi makwetu kuwapima wazee.

Haukupita muda akaja Saumu, bintiye Bi. Mwanakombo. Saumu alikuwa mwanamke wa kazi, mume wake yuko Kilindoni kwenye shughuli za bandari, yeye analima mihogo na kuwatazama watoto na mama yake. Alikaa kwenye benchi akiwa amechoka hata kabla hajasema.

"Sista, mama ananitoroka," alisema. "Akishaswali alfajiri anatoka. Namkuta kwenye baraza za watu. Kakaa tu. Ukimuuliza unafanya nini hapa, anasema, nangoja. Juzi kaanguka kwenye mtaro. Watu wanasema kachanganyikiwa, wengine wanasema kachezewa na wachawi. Mimi sijui niamini lipi."

Nilikwenda nyumbani kwao siku hiyohiyo na fomu yangu. Bi. Mwanakombo alikuwa amekaa kwenye jamvi, amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniita kwa jina langu. Hilo lingetosha kunifanya nisite. Sikusita. Nikamuuliza siku. Akasema ni siku ya soko. Haikuwa. Nikamuuliza tarehe, akanijibu kwa mwezi mwandamo, nami sikujua kama kakosea au kapata. Hesabu ya saba aliitazama kama mtu aliyeletewa samaki asiyemjua. Nikampa kalamu na karatasi achore saa. Aliishika kalamu kwa kiganja kizima, akaisogeza karatasi mbali, akaileta karibu, akachora mstari mmoja, akanirudishia.

Nilijumlisha alama pale pale mbele yake. Nikamvuta Saumu ukumbini nikamwambia, "Mama ana ugonjwa wa kusahau. Hauna dawa ya kuuponya. Mwangalieni asipotee." Nikaondoka nikiwa na huzuni, lakini pia, niseme kweli, nikiwa na ile raha ndogo ya mtaalamu aliyepata jina la kitu.

Wiki tatu baadaye, siku ya kliniki, nilikuwa nikiwapima wajawazito matumbo, nao wakipiga soga kwenye benchi. Mmoja akasema, "Bibi Mkunga siku hizi haji tena barazani kwangu." Mwingine akasema, "Kwani na kwako alikuwa anakuja? Mimi nilidhani ni kwangu tu." Wa tatu naye akadakia kwamba kwake pia alimkuta alfajiri mara mbili.

Nilisimama na kile kibomba cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto mkononi. Nikawauliza ni nyumba zipi alizokuwa akienda. Wakanitajia tano. Nikafungua daftari la kliniki. Nyumba nne kati ya tano zilikuwa za wanawake waliokaribia kujifungua. Ya tano haikuwamo.

Mchana nilipofunga zahanati nilikwenda kwa Saumu. Mlango wa chumba cha mama yake ulikuwa na kufuli kwa nje.

"Umemfungia?"

"Nakwenda shamba, Sista. Nimwache na nani?" Hakuwa na ukali, na hilo lilinichoma zaidi. "Wewe ndiye uliyesema asipotee. Wewe ndiye uliyesema hana dawa."

Nilimwomba afungue. Aliponifungulia, Bi. Mwanakombo alikuwa amekaa ameelekea ukutani. Alinitazama bila kuitika salamu. Nilisema, "Bibi, barazani kwa watu ulikuwa unangoja nini?" Akavuta kanga yake akajifunika mabega. Kisha akasema, "Waniite. Wakishikwa na uchungu waniite. Usiku nani atakuja mpaka kwangu kuniamsha?"

Jioni ile nilimpigia simu Sista Felista. Nilimweleza yote, fomu, alama, kufuli. Akauliza, "Huyo bibi alisoma mpaka darasa la ngapi?"

"Hakusoma. Kuruani tu, utotoni."

"Ana saa nyumbani?"

"Hana."

"Basi hukumpima akili, Zena. Ulimpima shule. Macho yake uliyaangalia?"

Sikuyaangalia. Kesho yake nilirudi na tochi. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho mweupe kama nazi, na la kushoto lilikuwa limeanza. Mtu yule alikuwa ameisogeza karatasi mbali na karibu mbele ya macho yangu mimi, nami nikamwandikia kwamba ameshindwa. Nikamuuliza chakula. Alikuwa anaachiwa uji asubuhi na anakula peke yake, akikumbuka. Usingizi, hana. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu nilipokuletea kikapu." Saumu alikuwepo. Akaokota bakuli la uji akaenda kuliosha.

Nilimwomba Saumu ruhusa nitembee na mama yake. Nilitaka kuiona nyumba ya tano. Alikubali kwa shingo upande, akatufuata kwa nyuma na jembe lake begani. Bi. Mwanakombo alinishika mkono, akatembea taratibu, lakini njiani hakupotea hata kona moja. Alituongoza mpaka nyumba ya mwisho karibu na mashamba. Mlangoni akatoka msichana mwenye tumbo kubwa, Zuhura jina lake. Alikuwa ameolewa Kilindoni, amerudi kwao kujifungulia, na kliniki ya kwetu hajakanyaga.

Bi. Mwanakombo akamtazama, akasema, "Tatu, mwanao amekingama."

Zuhura akacheka kwa heshima. "Mimi Zuhura, Bibi. Tatu ni mama yangu."

Saumu akanikonyeza, kama kusema, umeona sasa? Nami karibu nikubaliane naye. Mtu asiyeweza kumtofautisha binti na mama, atajuaje mtoto aliyemo tumboni? Nilikuwa nimekwisha kuanza kuaga. Lakini udadisi ni kama chawa, haukuachi ukatulia. Nikamuuliza, "Umejuaje, Bibi?"

"Nilimwona anakwenda kisimani. Anajishika hapa," akajigusa ubavuni, "na hapa. Chini hajishiki. Mtoto aliyekaa vizuri humlemea mamaye chini."

Nikamlaza Zuhura kwenye kitanda cha kamba nikampapasa. Chini, pale kinapostahili kuwapo kichwa, palikuwa patupu. Kichwa kilikuwa ubavuni kulia, kigumu, cha mviringo, hakuna shaka. Mimba yake ilikuwa imeshatimu miezi tisa. Niliomba gari siku hiyohiyo, akapelekwa hospitali Kilindoni akiwa mzima, anatembea kwa miguu yake. Baada ya siku chache alifanyiwa upasuaji, akapata mtoto wa kike. Angeshikwa na uchungu pale mashambani, sitaki kumaliza sentensi hiyo.

Wakati tunarudi Saumu alitangulia mbele yetu. Tulipofika kwao aliingia ndani, akatoka na lile kufuli, akanipa. "Lichukue wewe," alisema. "Kwangu nisilione." Mpaka nastaafu lilikuwa linafunga kabati la dawa.

Hapo ndipo nilipoanza kazi ambayo hakuna aliyenituma. Nilipatana na Bi. Mwanakombo kwamba kila siku ya kliniki, na kila akija mzazi aliyeshikwa na uchungu, yeye atakaa nao. Masharti yalikuwa haya: chumbani haingii bila mimi, hakati wala hafungi kitu, dawa zake za miti zinabaki nyumbani. Kazi yake ni kuwakanda migongo, kuwatembeza, kuwapa maneno, na kuniambia anachokiona. Alisikiliza masharti yote kisha akauliza kama chai itakuwepo. Mara moja alikuja mkaguzi kutoka wilayani, akamkuta kwenye benchi, akaniuliza huyu ni nani. Nikamjibu ni shangazi wa mzazi. Kijiji kile wote wameoana, sikusema uongo.

Saumu alimpeleka kila asubuhi akiwa njiani kwenda shamba. Madaktari wa macho walipopita Kilindoni, jicho moja likasafishwa. Bibi alipofunguliwa bandeji alimtazama Saumu kwa muda, akasema, "Umezeeka, mwanangu," na Saumu alicheka mpaka akakaa chini. Bibi akaanza kula, kwa sababu wazazi huletewa chakula na hakuna mzazi anayekula mbele ya bibi bila kumkaribisha. Akaanza kulala. Akanenepa.

Sikumponya. Hilo lazima niliandike, maana najua mnavyopenda kisa kinachokwisha kwa uzima. Aliendelea kumwita Zuhura kwa jina la Tatu. Tarehe hakuijua kamwe. Siku nyingine aliniuliza jambo moja mara nne kabla ya adhuhuri. Ugonjwa ulikuwepo; nililokosea ni kudhani kwamba ugonjwa ndio ulikuwa yeye mzima. Tulipata miaka mitano mizuri ambayo fomu yangu ilikuwa imekwisha kuifunga.

Tangu kisa chake nilibadilika. Mzee akiletwa na kuambiwa amechanganyikiwa, kwanza nilimulika macho na masikio. Ninyi mnaonifuata, mulikeni masikio. Nta ya miaka kumi imewahi kumfanya mtu aitwe mjinga na wajukuu zake. Niliomba waniletee dawa zote anazomeza, hata za dukani, nikazimwaga mezani. Nilimpima mkojo. Babu mmoja aliyekuwa mzima Ijumaa, na ilipofika Jumatatu anazungumza na marehemu ndugu yake, alikuwa na maambukizi ya mkojo tu; wiki iliyofuata alikuja mwenyewe kunidai kofia aliyoisahau. Kisha niliuliza nani kafariki karibuni, na mwisho kabisa niliuliza swali lililonigharimu kujifunza: ulikuwa unafanya kazi gani, na nani aliichukua? Fomu niliitumia bado, sikuitupa. Niliitumia mwishoni, na badala ya kuchora saa nikawaambia wanieleze jinsi ya kupika boko boko au kupanda mihogo tangu mwanzo mpaka mwisho. Anayeruka hatua utamjua. Sijui kama wataalamu watakubali. Nilijifunza mapishi mengi.

Kwa nini wengine akili zinabaki na wengine zinakwenda, sijapata jibu. Nimeona walioswali na kusoma mpaka mwisho wakazimika kama taa, na wengine wavivu kupindukia wakafika na akili kali kama wembe. Lakini waliokuwa na mtu wa kula naye, na jambo ambalo wasipolifanya mtu atakuja kuuliza, hao nimewaona wakienda polepole zaidi, tena wakiwa na furaha zaidi njiani. Ni macho yangu tu, si utafiti.

Nami sasa ni zamu yangu. Mwezi wa kwanza wa kustaafu niliamka kila siku saa kumi na moja, nikavaa, nikakaa kitandani. Nilisahau jina la jirani yangu wa miaka ishirini, nikaogopa kwa siku mbili nzima. Basi nikaenda kwa huyohuyo jirani nikamwomba anifundishe kusuka ukili. Vidole vyangu vimeshona watu lakini ukili vinaukataa. Ninahesabu, napotea, nafumua. Jirani anasema mwanafunzi mbaya kama mimi hajapata. Lakini nimeona kwamba siku nikisuka, usiku nalala, na jina lake silisahau tena, labda kwa sababu ananikaripia kila siku.

Mwezi wa nne nilipanda bodaboda nikaenda kumtazama Bi. Mwanakombo. Saumu alikuwa ameniambia kwa simu nisitarajie mengi. Nilinawa kwa maji ya mtungini, nikaingia. Alikuwa amelala ubavu, mdogo kama mtoto. Saumu alikuwa amekaa kichwani pake, anamlisha uji kwa kijiko, na yeye mwenyewe anakula kutoka bakuli hilohilo.

"Mama, Sista Zena amekuja."

Hakunijua. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni wa mtu mwingine. Nilimwambia shikamoo, hakuitika. Nikakaa kwenye jamvi nikamshika kiganja.

Akaurudisha mkono wake, akakunja uso.

"Mikono ya baridi hii," alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya zamani. "Utamgusaje mzazi na mikono ya baridi? Ipashe kwanza."

Saumu aliacha kijiko hewani. Mimi nikaisugua mikono yangu, kiganja kwa kiganja, nikaipulizia, nikaisugua tena, kisha nikampa. Aliishika yote miwili, akaipima kwa vidole vyake, akaridhika.

"Haya," alisema. "Sasa nenda, anakungoja."